Ua uliogeuka pori: wasomaji wanauliza, tunajibu

Barua za mara hii nyingi zimetoka Dodoma mjini na wilaya za jirani, na karibu zote zinalilia jambo moja: uani pameachwa mpaka pamekuwa pori, hela ya kukodi mtambo haipo, mikono ipo. Tumechagua sita. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani ni milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka. Kwa hiyo majibu yetu yote yanaelekea upande mmoja: kusafisha na kuchimba ni kazi ya kiangazi, ili mvua ya kwanza ikute mashimo yako wazi. Anayeanza kuchimba mvua ikiwa imeshaanza hupigana na matope huku maji aliyoyangoja miezi saba yakipita zake kwenda mtaroni.

SWALI: Tumenunua nyumba Nkuhungu. Nyuma kuna eneo la mita kama 20 kwa 15 ambalo halijaguswa miaka minne. Vichaka vinafika kiunoni, chini ni mbigili, kifusi cha ujenzi kimerundikwa kona moja na mabati ya zamani kona nyingine, mifuko ya plastiki imefukiwa nusu. Mume wangu anataka tuite vibarua wafyeke na kuchoma kila kitu Jumamosi moja. Mimi naona tufanye wenyewe kidogo kidogo. Tuanze na nini?
Mama wa watoto wawili, Nkuhungu

JIBU: Dada, moto uacheni. Utateketeza majani makavu, ambayo kwa sasa ndiyo mali pekee iliyomo uani kwenu. Mizizi, misumari, vyupa na mbegu zilizozama kwenye udongo vitabaki palepale. Plastiki ikiungua moshi wake ni sumu. Na upepo wa Agosti hadi Oktoba huku kwetu si wa kuchezea: cheche ikiruka ukuta, mmeshaunguza kwa jirani.

Kabla ya kushika chochote, vaeni. Gambuti au viatu vya soli nene, suruali ndefu, glavu za ngozi (za kitambaa hazizuii mwiba wala chupa), na miwani kwa anayefyeka. Kwenye kifusi kuna misumari yenye kutu, kwa hiyo ambaye hakumbuki mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda apite zahanati kwanza. Watoto wasikanyage huko mpaka vyupa viishe.

Fyekeni kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza acheni visiki vya sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, kwa sababu bado hamjui chini kuna nini: fyekeo likigonga kipande cha nondo linarudi mguuni, likigonga chupa linarusha vigae. Anzieni mlango wa nyumba mkielekea nje, na geti la nyuma liwe wazi ili nyoka apate pa kutokea. Kokoteni nyasi zote kwa reki, ardhi ionekane, ndipo mrudi kung'oa visiki kimoja kimoja.

Mabati na mbao zilizolala chini zina utaratibu wake. Mkono usiingie chini hata mara moja. Kwa ncha ya jembe la mpini mrefu, inua ukingo ulio mbali na wewe, ukiuvuta kuelekea kwako, ili bati likiinuka lisimame kati yako na kilichokuwa chini yake. Nge na tandu hulala hapo mchana. Kifutu ni wa kuogopwa zaidi maana hakimbii; anatulia mpaka akanyagwe. Swila akimtemea mtu machoni, osheni kwa maji mengi safi dakika 15 hadi 20 mfululizo, kisha hospitali. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba ya kubana, asitembezwe. Atulizwe, abebwe, afikishwe hospitali haraka.

Sasa kifusi. Msikiite takataka kabla ya kukichambua. Mawe na matofali makubwa kuliko ngumi yawekwe pembeni, mtayahitaji kwa njia za kupita. Mchanga na kokoto pitisheni kwenye chekeche ya mafundi. Vipande vya plasta na saruji iliyoganda viende chini ya njia tu, kamwe visiingie kwenye tuta. Nondo na mabati wanunuzi wa chuma chakavu watayafuata wenyewe. Vyupa na plastiki tieni kwenye viroba vigumu vya gari la taka. Mkikuta vipande vya paa la asbestosi, msivivunje wala kuvikata: vimwagieni maji visitoe vumbi, vifunikeni, na mwiteni afisa mazingira wa kata.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hawakioni, nacho ndicho kinachoua bustani za nyumba mpya za Dodoma: mahali fundi alipokuwa akikorogea zege. Juu panaonekana udongo wa kawaida. Gonga na mtaimbo, utasikia mlio wa kitu kigumu. Chini ya vumbi kuna gamba la kijivu la sentimita 3 hadi 5 ambalo maji hayapiti na mzizi haupenyi. Usilipige katikati, utachoka bure. Tafuta ukingo wake, chokoa udongo chini yake, ingiza mtaimbo uliinue kidogo, weka jiwe chini likae linaning'inia, ndipo upige kwa nyundo kubwa. Likikosa udongo wa kuliegemea, linavunjika mara moja. Kisha ondoa na udongo wa kijivu ulio chini yake, sentimita 10 hadi 15. Saruji hufanya udongo kuwa na ualkali mkali, mmea ukashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamo tele. Dalili yake ni majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Samadi peke yake haiponyi hilo upesi.

Mkishafika hapo, msilime mita zote 300 za mraba kwa pamoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Ardhi iliyoachwa tupu Septemba hupeperushwa, na mvua ya kwanza ya Desemba, ambayo kwa kawaida hushuka kwa nguvu, huzoa kinachobaki. Gaweni vipande vya mita 5 kwa 3. Kipande kimoja kikichimbwa kina cha sentimita 20 ni mita 3 za ujazo za udongo, yaani zaidi ya tani 4, au toroli 50 za lita 60. Hiyo ni kazi ya kutosha kwa watu wawili kwa siku kadhaa za asubuhi. Chimbeni kipande, tieni samadi iliyooza toroli moja kwa kila mita 3 za mraba, changanyeni, funikeni kwa nyasi mlizofyeka, ndipo mwende kipande kinachofuata. Vingine viacheni na visiki vyake vikishikilia udongo mpaka zamu yake ifike. Mwaka wa kwanza vipande vitano au sita vinatosha kabisa, na mumeo akiona vya kwanza viwili vimekamilika nadhani habari ya moto itaisha yenyewe.

SWALI: Mimi ni mstaafu, nina miaka 63, naishi Ihumwa. Ardhi ya uani imekauka kiasi kwamba jembe linaruka. Ninayo maji ya kisima lakini yana chumvi kidogo. Nimwagie ndipo nichimbe, au nisubiri mvua?
Mstaafu, Ihumwa

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Usisubiri, ila pia usimwage maji juu juu. Yatateleza au kukauka bila kushuka hata sentimita tano.

Kwanza jua ugumu uko wapi. Chukua kipande cha nondo ya milimita 12 kilichochongwa ncha, ukisukume chini sehemu kama kumi tofauti. Kikigoma juu halafu kikapita kwa urahisi baada ya sentimita 10 au 15, hilo ni gamba lililotengenezwa na matone ya mvua na miguu ya watu, na ukilivunja umemaliza. Kikipita vizuri juu halafu kikagoma kwenye sentimita 25 au 30, una tabaka gumu chini, na lazima sululu ilifikie, la sivyo mizizi itageuka hapo na mimea itanyauka mvua ikikatika wiki mbili.

Kwa vyovyote, tumia maji kidogo mahali panapofaa. Jioni, toboa vitobo kwa mtaimbo, kina cha sentimita 20 hadi 25, kila kimoja kiwe umbali wa sentimita 30 au 40 na mwenzake. Jaza kila kitobo lita 2, kidogo kidogo yakiwa yananywewa, kisha funika eneo kwa magunia au nyasi. Liache usiku na mchana unaofuata. Ukichimba kesho yake jioni au alfajiri ya keshokutwa, udongo utakatika vipande badala ya kuruka. Ujaribu kwanza: finya konzi ya udongo iwe donge, kisha uliguse kwa kidole. Likivunjika, chimba. Liking'aa na kunata, ngoja siku moja zaidi, maana udongo wenye mfinyanzi ukigeuzwa ukiwa tope hukauka mabonge ambayo utakuja kuyapondaponda kwa nyundo.

Vifaa vyako vikague pia, Mzee. Mara nyingi jembe linaloruka ni butu tu. Libane, lipitishie tupa upande wa ndani mpaka ukingo uonekane unang'aa mstari mmoja mwembamba, na urudie kila baada ya saa mbili za kazi. Mpini uliolegea ukazwe kwa kabari kavu. Kuloweka kwenye maji husaidia siku moja tu. Kwa sululu, usitumie nguvu kuishusha. Iinue mpaka usawa wa bega, si juu ya kichwa, na uache uzito wake ushuke wenyewe, mkono wa mbele ukiteleza kwenye mpini. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi zinatosha, na maji ya kunywa yawe kivulini karibu nawe.

Kuhusu chumvi: kulowesha kwa kuchimba hakuna neno. Tatizo huja kwenye kumwagilia kila siku kidogo kidogo, kwa sababu maji hukauka juu na chumvi inabaki. Kingo za majani zitaungua, kuanzia majani ya zamani. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi, maji yashuke chini ya mizizi, na vuna maji ya paa kwa ajili ya miche. Maharage, mlimao na mchungwa huchukia chumvi. Mkomamanga unavumilia zaidi, na mtende unavumilia kupita yote hiyo.

Matandazo ya nyasi sentimita 7 hadi 10 yatahifadhi unyevu, ila yaache mbali na shina kwa upana wa kiganja. Mchwa watakuja, hilo ni la hakika Dodoma. Wakila nyasi kavu hawana shida. Wasumbufu ni wale wanaokosa nyasi wakahamia kwenye mche. Kwa hiyo ongeza matandazo, usiyaondoe.

SWALI: Kila mwaka tunalima mbigili na ndago kwa jembe, na kila mwaka zinarudi nyingi zaidi. Kuna dawa?
Wapangaji watatu, Kibaigwa

JIBU: Ndugu zetu, jembe ndilo linalowapandia ndago. Chini ya kila shina kuna viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi kama shanga. Vikiwa vimeungana, vingi hulala. Jembe likikata uzi, kila kimoja kinajiona kimebaki peke yake na kuchipua. Vingi viko kwenye sentimita 15 au 20 za juu.

Silaha yenu ni kiangazi. Kati ya Julai na Oktoba, tumieni jembe la meno, mwinue udongo bila kuukata, mpepete kwa mikono au kwenye chekeche, mtoe viazi vyote mnavyoviona. Vilivyobaki viacheni juu ya ardhi juani na mgeuze tena baada ya siku tano au sita. Kiazi cha ndago kikikauka kabisa kinakufa, na jua letu linaweza kazi hiyo ndani ya wiki mbili kama hamjamwagia maji. Msikitupe kwenye shimo la mboji, humo kitapona. Mvua zikianza, ng'oeni kila chipukizi jipya linapofikisha majani matano au sita, kabla halijaanza kutengeneza viazi vipya. Misimu miwili ya uaminifu inahitajika. Anayewaambia mwezi mmoja anawadanganya.

Mbigili ni rahisi zaidi. Haina viazi, ina mzizi mmoja mkuu. Ukatwe kidogo chini ya shingo, basi. Kosa ni kuchelewa: inaota baada ya mvua ya kwanza na ndani ya wiki tatu hadi tano imeshachanua maua madogo ya njano na kuanza kufunga miiba. Ile miiba ndiyo mbegu, na zinaweza kulala ardhini miaka kadhaa. Kwa zilizokwisha kudondoka, chukueni blanketi chakavu au gunia la katani, wekeni jiwe juu yake, mlikokote polepole uwanja mzima. Miiba itanasa kwa mamia. Gunia hilo chomeni mahali pa usalama pasipo upepo. Huu ndio moto pekee tunaouruhusu kwenye ukurasa huu.

SWALI: Nina kisiki cha mwarobaini, unene wa ndoo, na vichaka viwili vya mgunga. Nimekwisha kununua shoka. Nikate usawa wa ardhi kwanza?
Kijana wa Chamwino

JIBU: Kaka, usikate chini! Shina ndiyo wenzo wako. Ukikata usawa wa ardhi unabaki na mzizi usio na pa kushika, na utalazimika kuchimba mara mbili zaidi. Ondoa matawi yote, acha shina la mita 1.2 hadi 1.5.

Kama mti uko kwenye mpaka au ni mkubwa, pita ofisi ya mtaa uulize kuhusu kibali. Halafu chimba mfereji kuzunguka shina, umbali wa sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye gome, upana wa kutosha beleshi kugeuka, kina sentimita 50. Mizizi ya pembeni itajitokeza. Isugue kwa brashi ngumu kabla ya kukata, maana mchanga uliogandia gome unalemaza shoka kwa mapigo machache. Kila mzizi ukate sehemu mbili, utoe kipande cha sentimita 25 katikati. Ukikata sehemu moja tu, ncha zitabanana na shina halitatikisika.

Mizizi ya pembeni ikiisha, funga kamba juu kabisa ya shina na mvute watu wawili, mkilisukuma upande huu na ule. Usijifunge kamba kiunoni. Shina likianza kulala, mzizi mkuu utaonekana upande wa juu. Ukate hapo ukiwa umesimama upande ambao shina halitaangukia. Fukia shimo kwa tabaka za sentimita 20, kila moja ukiishindilia na kuinyeshea kidogo, la sivyo mvua zitakuachia bwawa.

Mwarobaini huchipua kutoka kwenye mizizi iliyojeruhiwa, kwa hiyo machipukizi ya mita mbili tatu kutoka shimo yasikushangaze. Yakate kila wiki mbili au tatu bila kuyaacha yapate majani mapana, mpaka mzizi uishiwe akiba. Shina likiwa chini ya mita 2 kutoka kwenye msingi wa nyumba, usiling'oe kabisa. Likate chini na ulichoshe kwa njia hiyo hiyo.

Migunga yako tungependa uifikirie upya. Kama haiko njiani, chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, kata mengine yote, na pogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Hiyo ndiyo kisiki hai inayotumika sana vijijini Dodoma, na mti wenye mizizi ya miaka kumi utakupa kivuli mapema kuliko mche wowote utakaoununua.

SWALI: Nikigonga kona ya uani kwa mtaimbo inalia mvungu. Jirani anasema zamani kulikuwa na choo hapo. Nifanye nini?
Chang'ombe

JIBU: Acha kuchimba leo hii. Zungushia kamba umbali wa mita 3 kila upande na watu wasipite. Shimo la choo la zamani lenye mfuniko wa mbao au zege jembamba linaweza kubomoka chini ya mtu mmoja, na hewa iliyomo inaweza kuua. Asishuke mtu kwa sababu yoyote, hata kuokota kifaa kilichoanguka.

Tafuta fundi wa mashimo aliyezoea. Mfuniko unavunjwa kutoka pembeni, mtu akiwa amesimama juu ya mbao ndefu zilizolala kwenye ardhi imara na amefungwa kamba inayoshikwa na wengine. Jazeni mawe na kifusi kikubwa chini, kisha udongo wa tabaka za sentimita 30 uliomwagiwa maji. Malizeni kwa kichuguu cha sentimita 30 juu ya usawa, maana utashuka msimu mzima. Mboga za mizizi zisipandwe hapo.

SWALI: Nyumba yetu Ntyuka iko kwenye mteremko. Mvua ikinyesha maji yanapiga ukuta wa nyuma, yanabeba udongo, na siku tatu baadaye pamekauka kabisa. Tunataka bustani ndogo ya mita 5 kwa 6. Tuzuie vipi?
Familia ya Ntyuka

JIBU: Hapa mna kazi mbili, na ya msingi wa nyumba inatangulia. Mita 2 za kwanza kutoka ukutani lazima ziteremke kutoka kwenye nyumba, sentimita 4 hadi 5 kwa kila mita. Pimeni kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi hupatia levo, sio kwa macho; mteremko hudanganya macho. Juu ya hapo chimbeni mfereji wa upana wa sentimita 40 na kina cha 30 unaopokea maji ya mlimani na kuyapeleka pembeni kwa mteremko mdogo sana, sentimita 1 kwa mita. Ukiwa mkali zaidi utajichimba wenyewe kuwa korongo. Udongo wake wekeni upande wa chini, muushindilie.

Kwa bustani, tunawapendekezea mashimo ya Chololo, ambayo yamechukua jina la kijiji kilicho hapa hapa Dodoma. Kila shimo lina kipenyo cha sentimita 22 na kina cha 30. Ndani ya mstari yanaachana sentimita 60, kati ya mistari 90. Kwenye mita 5 kwa 6 mtapata mistari 7 ya mashimo 9, jumla 63. Kila moja hutoa karibu lita 11 za udongo, nusu ndoo na kidogo, na udongo huo unawekwa kama mwezi mchanga upande wa chini wa shimo ili uzuie maji.

Mistari lazima ifuate usawa wa mlima. Tengenezeni fremu ya A: fito mbili za mita 2 zilizofungwa juu, miguu ikiachana mita 1.5, fito ya tatu ikikatiza katikati, na jiwe likining'inia kwa uzi kutoka juu. Isimamisheni, mtie alama uzi unapokatiza fito. Geuzeni miguu ibadilishane nafasi, mtie alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo usawa. Tembezeni fremu kutoka kigingi hadi kigingi mkihakikisha uzi umekaa hapo. Mstari ukikosea hata sentimita tano, maji yote yatakimbilia shimo la mwisho na kulibomoa.

Ndani ya shimo anzeni na kiganja cha majivu, yanafukuza mchwa, kisha samadi iliyooza lita 2, kisha mabua au majani makavu, kisha udongo kidogo. Acheni sentimita 10 za juu wazi. Wengi hujaza mpaka juu wakidhani wanaupa mmea chakula zaidi, na hapo shimo limebaki shimo kwa jina tu. Nafasi ile tupu ndiyo inayoshika maji, lita 3 na ushee kwa kila shimo, kama lita 240 kwa bustani nzima kila mvua inapoyajaza.

Maji ya paa ni mengi kuliko hayo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 90 za mraba likipata mvua ya milimita 30 linamwaga karibu lita 2,700. Kama hamna tangi, chimbeni beseni tatu za miti chini ya bustani, kipenyo mita 2 na kina sentimita 20. Kila moja inashika zaidi ya lita 600. Kila beseni iwe na mdomo wa mawe wa kumwagia maji yaliyozidi kwenda beseni inayofuata, na ya mwisho imwage pasipo msingi wa mtu.

Mvua ya kwanza kubwa ikikatika, zungukeni mashimo yote siku hiyo hiyo. Patakuwa na kingo zilizobomoka na mashimo yaliyojaa mchanga kutoka juu. Yazoeni kwa mkono na kurudishia kingo kabla hazijakauka. Kisha fukueni kando ya shimo mojawapo kwa kijiti. Unyevu ukiwa umefika sentimita 20, pandeni mtama au kunde, mbegu nne kwa shimo, mpunguze zibaki mbili zikifikisha majani manne. Ukiwa haujafika, ngojeni mvua ya pili, maana mbegu iliyoota kwa mvua moja hufa kabla ya Krismasi. Mwisho wa Januari ongezeni matandazo, kwa kuwa Februari mvua za huku hupenda kukatika.